Kosa lililojificha kwenye kijani: Anyes Masele na majokofu ya Itilima

Mstari mwekundu unatokea kwenye kioo cha kompyuta saa mbili kasoro robo asubuhi. Anyes Masele anautazama, anaitikia kwa kichwa, halafu ndipo anavua koti na kuvuta kiti.

Kwake, asubuhi isiyo na mstari huo ni asubuhi mbaya. Jaribio lililoutoa ameliandika yeye mwenyewe, na ameliandika makusudi lishindwe. Ndani yake kuna amri inayotafuta faili ambalo halipo. Kompyuta ikilalamika, Anyes anajua kwamba majaribio mengine nayo yana uwezo wa kulalamika. Ikikaa kimya, anasimamisha kazi ya ofisi nzima.

“Watu wakiingia humu wakaona nyekundu wananipa pole,” anasema. “Nawaambia, hapana, hiyo ndiyo salamu.”

Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo mjini Bariadi. Kuna meza nne, feni moja na kopo la maji ya kunywa lenye kitambaa juu. Mlango ukifunguliwa, harufu ya dawa ya pamba inaingia kutoka dukani. Kampuni ni ndogo, na haitatajwa hapa kwa ombi la wahusika. Inatengeneza mfumo wa kufuatilia majokofu ya chanjo katika zahanati za vijijini.

Kila jokofu lina kifaa kinachopima joto. Likipanda kupita nyuzi nane, mfumo unatakiwa kumtumia muuguzi ujumbe wa simu papo hapo. Kazi ya Anyes, mwenye umri wa miaka 30, ni kuhakikisha jambo hilo linatokea. Ameandika majaribio zaidi ya mia nne yanayojiendesha yenyewe kila mara mwenzake anapobadilisha kitu ndani ya programu. Mshahara wake ni laki sita na nusu kwa mwezi.

Majaribio hayo yanafanya kazi kwa kutoa amri. Amri ni mstari mfupi wa maandishi unaoiambia kompyuta ifanye jambo moja: fungua faili hili, nakili orodha ile, tuma ujumbe huu. Ikimaliza, kila amri huacha namba. Sifuri maana yake mambo yamekwenda sawa. Namba nyingine yoyote maana yake imekwama.

“Kazi yangu karibu yote ni kusoma hizo namba,” anasema Anyes. “Na mwaka jana, mwezi wa pili, nilisoma sifuri ya uongo.”

Anyes ni mtoto wa nne kati ya sita wa Masele Masunga, mkulima wa pamba na mfugaji wa kijijini Nkololo. Kompyuta ya kwanza aliigusa akiwa na miaka 19. Baada ya kidato cha nne alipata kazi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi katika duka moja la Bariadi, na ilipoharibika mashine, mwenye duka alikuwa akimwita yeye kabla ya kumwita fundi. Baadaye alisoma stashahada ya teknolojia ya habari Mwanza. Alirudi kwa sababu baba yake alianza kuumwa mgongo na mtu wa kusimamia palizi hakuwepo.

Alipoanza kwenye kampuni hiyo miaka minne iliyopita, hakukuwa na majaribio hata moja. Programu ilijaribiwa kwa macho: mtu anabonyeza hapa, anabonyeza pale, akiona hakuna tatizo wanaipeleka. Yeye ndiye aliyeandika yote ya mwanzo, pamoja na lile la majokofu arobaini.

Jaribio hilo lilikuwa na amri mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ilifungua folda na kusoma orodha ya majokofu arobaini ya mfano na namba za simu za kubuni. Ya pili ilipokea orodha hiyo, ikayafanya majokofu yote yawe na joto, kisha ikahesabu ni ujumbe wa majokofu mangapi haukufika. Ukifika wote, jibu ni sifuri, na mstari unakuwa wa kijani.

Miezi mitano kabla ya tukio, amri ya kwanza ilikuwa na tabia ya kutoa maonyo mengi yasiyo na madhara. Yalijaza kioo. Anyes aliongeza maneno machache mwishoni mwa ule mstari, ya kuiambia kompyuta itupe malalamiko yote ya amri hiyo bila kuyaonyesha.

“Nilikuwa nimechoka na makelele,” anasema. “Nilitaka kioo kisafi. Sikuwaza kwamba siku moja itakuja kulalamika kitu cha kweli.”

Siku hiyo ilikuja Februari. Mwenzake mmoja alibadilisha jina la folda iliyohifadhi orodha za majokofu na namba za simu, akasahau kurekebisha sehemu mbili zilizoitaja kwa jina la zamani. Moja ilikuwa ndani ya jaribio. Nyingine ilikuwa ndani ya mfumo wenyewe.

Amri ya kwanza ikatafuta folda, ikaikosa, ikalalamika. Malalamiko yakatupwa kama ilivyoagizwa. Amri ya pili ikapokea orodha tupu, ikahesabu ujumbe usiofika, ikapata sifuri. Na amri mbili zikiunganishwa, kompyuta kwa kawaida huripoti namba ya ile ya mwisho tu. Majaribio yote 380 ya wakati huo yakawa kijani. Toleo jipya la programu likapelekwa zahanati siku hiyo hiyo.

Kwa siku kumi na tisa, hakuna muuguzi hata mmoja aliyeweza kupata ujumbe. Mwanzoni hakuna aliyejua, kwa kuwa majokofu yalikuwa mazima.

Ijumaa ya wiki ya pili, katika zahanati moja wilayani Itilima, muuguzi Honorata Athanasi alisoma joto la jokofu kabla ya kufunga. Lilikuwa nyuzi tano. Honorata, 46, ni mwenyeji wa Kagera na ameishi Itilima miaka kumi na minne. Kisukuma chake bado kinawachekesha akina mama wanaoleta watoto. Tangu kifaa cha kupima joto kilipofungwa jokofuni, ukaguzi wa Jumamosi na Jumapili katika zahanati hiyo uliachiwa mfumo.

Usiku huo betri ya sola ilikufa. Jumatatu asubuhi alifungua mlango wa jokofu na kukuta nyuzi kumi na tisa.

“Sikuhitaji kusoma kipimo,” anasema Honorata. “Nilishika kichupa cha chanjo, kikawa kama kitu kilichokaa kabatini. Nilikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa.”

Dozi 340 ziliharibika. Nje kulikuwa na akina mama ishirini na kitu kwenye benchi. Mmoja alikuwa na mapacha na alikuwa ametembea tangu saa kumi na moja alfajiri. Honorata aliwatangazia mwenyewe kwamba chanjo hakuna, na hakujua awaambie warudi lini.

Wilaya iliiuliza kampuni kilichotokea. Jumatano kampuni ilijibu kwa barua ya kurasa mbili: mfumo ulijaribiwa kabla ya kupelekwa, majaribio yote yalipita. Matokeo yaliambatanishwa. Chini ya kiambatisho kulikuwa na saini ya Anyes.

Kutokana na barua hiyo, mantiki ilijipanga yenyewe. Ikiwa mfumo ni mzima, basi ujumbe ulitumwa. Ikiwa ulitumwa na haumo kwenye simu ya muuguzi, basi muuguzi ameufuta.

“Niliwaambia sijapata ujumbe. Wakachukua simu yangu wakaangalia,” anasema Honorata. “Kukosa kuuona ndiyo ikawa ushahidi. Walisema nimefuta.”

Jumatatu iliyofuata alikabidhiwa barua ya kujieleza ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa uzembe. Siku hiyo hiyo mratibu wa chanjo wa wilaya alimpigia simu Nassib Mhando, msimamizi wa ofisi ya Bariadi, kumshukuru kwa taarifa. Nassib, mtu wa Tanga mwenye miaka 41, aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

Anyes hafichi alivyojisikia. “Nilifurahi. Nilisema, angalau mfumo wetu umeonekana unafanya kazi. Huyo nesi sikumfikiria kabisa.”

Kesho yake, Jumanne, alikuwa akishughulikia jambo jingine kabisa. Ofisi ilitaka majaribio yaende haraka zaidi, kwa hiyo aliiagiza kompyuta imwandikie kila jaribio linatumia muda gani. Akapitisha kidole kwenye orodha. Jaribio la majokofu arobaini, ambalo siku zote lilichukua sekunde tisa, lilikuwa limechukua chini ya nusu sekunde.

“Majokofu arobaini hayawezi kukaguliwa kabla sijapepesa macho,” anasema. “Nilijua hapo hapo.”

Aliondoa yale maneno ya kutupa malalamiko, akaiendesha amri peke yake. Kompyuta ikamwandikia, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Namba iliyoachwa haikuwa sifuri. Alipoziunganisha tena amri mbili, namba ikarudi kuwa sifuri.

Alirudia mara tatu. Kisha akaenda kwenye kumbukumbu za mfumo halisi, akatafuta ujumbe uliotumwa kwa zahanati yoyote tangu toleo jipya. Hakukuwa na hata mmoja.

Alimwita Nassib kwenye meza yake. Nassib alisimama nyuma ya kiti, akasoma, akavua miwani.

“Tengeneza leo leo,” alisema.

“Nimeshaanza, kaka. Na yule nesi?”

“Mambo ya nesi ni ya wilaya.”

“Wilaya imemshika kwa karatasi yetu. Karatasi yenye saini yangu.”

Nassib aliirudisha miwani usoni. “Mwezi wa nne mkataba unajadiliwa upya. Humu ndani tuko watu kumi na mmoja, Anyes, ukichanganya na wa ofisi ya Mwanza. Andika, lakini usipeleke kwanza. Nipe nafasi niongee na wakubwa.”

Anyes aliandika kurasa mbili. Alieleza folda, amri mbili, namba ya uongo, na siku kumi na tisa. Aliandika pia kwamba mstari uliotupa malalamiko aliuandika yeye. Nassib aliziweka kurasa hizo kwenye droo. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Siku saba za Honorata zilikuwa zinaishia Jumatatu.

Alhamisi jioni Anyes alimpigia mama yake Nkololo. Mama huyo, Mektilda, alizungumza na mwandishi akiwa anachambua choroko mlangoni kwake.

“Mimi hizo kompyuta sizijui,” anasema. “Aliniambia kuna mayu, mama mmoja, anasingiziwa kwa kosa lake. Nikamuuliza, ana watoto? Akasema hajui. Nikamwambia, ng'wanone, mwanangu, basi nenda kamuulize.”

Ijumaa asubuhi Anyes alichapa nakala nyingine ya kurasa zake, akatia saini, akapanda gari la Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima. Saa nne alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi za wilaya. Karani aliichukua barua, akaigeuza nyuma na mbele, akamrudishia.

“Haina muhuri, dada,” alisema. “Hii ni barua yako binafsi. Tunahitaji ya kampuni.”

Alitoka nje, akampigia Nassib. “Niko Lagangabilili,” alisema.

Nassib akauliza, “Wamekataa kwa sababu ya muhuri?”

“Ndiyo.”

“Nisubiri hapo hapo.”

Alifika baada ya saa moja na nusu kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Muhuri ulikuwa ndani ya mfuko wa shati, umefungwa kwenye leso. Alizisoma kurasa upya akiwa amesimama, akaongeza mstari mmoja kwa kalamu: kwamba yeye kama msimamizi ndiye aliyepitisha taarifa ya kwanza bila kuikagua. Akagonga muhuri kwenye kiti cha pikipiki, na safari hii karani akaipokea barua.

Mwandishi alimuuliza Nassib ni nini kilichombadilisha. “Sikubadilika. Tangu Jumanne nilijua nitagonga. Nilikuwa nachelewa tu,” alisema. “Ningechelewa mpaka Jumatatu, ingekuwa sawa na kukataa.”

Mchana huo walikwenda wote wawili zahanati. Honorata alikuwa anapima uzito wa watoto. “Nilimwona msichana ameingia na karatasi, nikadhani ameletwa kunihoji,” anakumbuka. “Nikamwambia asubiri foleni iishe.”

Walisubiri. Mama wa mwisho alipoondoka, Anyes alisalimia kwa Kisukuma, akasikia kwenye jibu kwamba mwenyeji wake si Msukuma, akaanza upya kwa Kiswahili. Alieleza kwamba jaribio lake halikukagua jokofu hata moja.

“Ni kama kuulizwa jioni kama kuna ng'ombe mgonjwa,” alimwambia, “halafu unajibu hakuna, kumbe ng'ombe wenyewe hawajarudi, zizi liko tupu.”

Honorata aliisoma nakala ya barua mara mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi. “Kwa hiyo sikufuta?”

“Hukufuta, sista. Haukutumwa.”

“Maana nilifika mahali nikaanza kujiuliza,” anasema sasa. “Labda niliufuta usingizini. Labda mtoto wangu alishika simu. Nilimfokea binti yangu kwa jambo hilo. Ujumbe ambao haukuwahi kuwepo.”

Hakumkumbatia Anyes, na Anyes hakutarajia. Alimpa maji. Kisha akamuuliza chanjo mpya zitakuja lini, na Anyes alilazimika kusema kwamba hilo hajui.

Barua ya kujieleza ilifutwa kwa maandishi siku tisa baadaye. Dozi mpya zilifika ndani ya mwezi huo. Honorata alizunguka vitongoji kwa baiskeli ya zahanati kuwatafuta watoto waliokosa. Kwenye daftari lake walikuwa 61. Aliwapata 58. Familia tatu zilikuwa zimehama na mifugo.

Kampuni nayo ililipa gharama yake. Mkataba uliokuwa unategemewa kwa miaka miwili ulitolewa kwa miezi sita ya uangalizi, ingawa umeongezwa tangu hapo. Anyes alipewa onyo la maandishi, ambalo bado limo kwenye faili lake. Wafanyakazi watatu walipunguzwa.

Mmoja wao alikuwa Precious, aliyekuwa akikaa meza ya pili na kula na Anyes chakula cha mchana kila siku. Sasa anauza vifaa vya simu Nyalikungu, Maswa. Hakutaka kuhojiwa. Alituma ujumbe wenye sentensi mbili: “Alifanya sawa. Mimi bado nina watoto wawili wa kulisha.”

Anyes alionyeshwa ujumbe huo. Aliusoma, akarudisha simu. “Ni kweli yote mawili,” alisema.

Tangu wakati huo, sheria za meza yake ni chache na hazina mjadala. Amri yoyote ikikwama, jaribio zima linasimama hapo hapo. Amri zikiunganishwa, namba ya kila moja inasomwa, si ya mwisho peke yake. Hakuna malalamiko yanayotupwa. Yakiwa mengi, mtu anakaa chini na kutafuta yanatoka wapi. Na jaribio la majokofu halitosheki kwa kukuta hakuna ujumbe uliopotea. Linadai kuona ujumbe arobaini uliofika, mmoja mmoja, kwa namba.

Wenzake wanasema amekuwa mgumu. Mwezi uliopita alizuia toleo kwa siku mbili kwa sababu amri moja ilimaliza kazi haraka kuliko kawaida. Ilikuja kuonekana kwamba ilikuwa sawa; kompyuta ilikuwa imeongezewa nguvu. Nassib hakumlaumu. Aliandika tu kwenye ubao tarehe mpya.

Hata hivyo, Anyes anasema majaribio yake bado yana upungufu mmoja ambao hauondolewi na amri yoyote. Yanajua tu makosa anayoyajua yeye, na yeye anakaa Bariadi mjini, kwenye kiti, chini ya feni.

Kwa hiyo amepanga jambo. Ameiomba kampuni imlete Honorata ofisini kwa wiki moja, mwezi wa sita, atakapokuwa likizo, alipwe kama mtaalamu. Akae meza iliyobaki wazi, aeleze kila kitu ambacho kimewahi kuharibika kwenye zahanati yake, na Anyes aandike jaribio kwa kila kimoja. Kampuni imekubali. Honorata naye amekubali, kwa sharti kwamba asifundishwe kompyuta.

Ameanza kujiandaa. Kwenye daftari la shule la binti yake ameorodhesha, kwa mwandiko wa kulala: panya kutafuna waya wa kifaa. Mfagiaji kuchomoa plagi ili achaji simu. Muuguzi kubadilisha laini bila kutoa taarifa. Mtandao kupotea mvua ikinyesha upande wa Nkoma. Mtu kuweka soda zake kwenye jokofu na kusahau mlango wazi.

“Nimefika kumi na saba,” anasema Honorata, akiligeuza daftari ili mwandishi aone kwamba kurasa bado zipo.

Anyes alisomewa orodha hiyo kwa simu wiki iliyopita. Alimwomba Honorata aende taratibu ili aandike. Alipoulizwa ni mangapi kati ya hayo tayari ana majaribio yake, alihesabu kwa vidole, akaanza upya, kisha akaushusha mkono mezani.

“Sina hata moja,” alisema. “Mwambie aendelee kuandika.”